Mpira, Bunduki na Amri: Wasifu wa Walter Tull Ukisomwa kutoka Nakuru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya Walter Tull (1888-1918), mmoja wa wanasoka weusi wa mwanzo kulipwa mshahara nchini Uingereza, ambaye baadaye alikuwa askari na hatimaye afisa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Maisha hayo yanalinganishwa na historia ya uanajeshi na kandanda katika Nakuru na eneo la kati la Bonde la Ufa. Hoja ya msingi ni kwamba kiini cha wasifu wa Tull ni suala la amri, yaani nani aliruhusiwa kumwamuru nani, na kwamba suala hilo hilo ndilo lililoongoza historia ya askari wa Kiafrika katika Bonde la Ufa hadi baada ya uhuru. Mwishoni makala yanatoa mafunzo machache kwa mwanafunzi anayekusudia kuandika wasifu kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mjini Nakuru neno ulinzi lina maana mbili zinazoishi pamoja. Kwa mshabiki wa kandanda, ulinzi ni safu ya nyuma, yaani wachezaji wanaomkinga mlindalango wao. Kwa raia wa kawaida, ulinzi ni kazi ya majeshi, nayo majeshi hayako mbali: kambi ya Lanet iko viungani mwa mji, na ile ya Gilgil iko kando ya barabara iendayo Nairobi. Maana hizo mbili zilikutana katika jina la timu ya Ulinzi Stars, timu ya jeshi la Kenya iliyoundwa mwaka wa 1995 na ambayo kwa miaka mingi iliufanya uwanja wa Afraha kuwa nyumbani kwake. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mara tatu mfululizo, mwaka wa 2003, 2004 na 2005, kisha ikautwaa tena mwaka wa 2010.

Wachezaji wa Ulinzi Stars ni askari. Kijana aliyesifika kwa chenga na mikwaju huandikishwa jeshini, hufunzwa gwaride na kulenga shabaha, kisha hurudishiwa mpira. Kwa vijana wengi njia hii imekuwa na mvuto ulio wazi. Mshahara wa klabu za kiraia nchini Kenya mara nyingi umekuwa wa kubahatisha, ilhali mshahara wa askari hauyumbi, na mchezaji anayestaafu kandanda anabaki na kazi. Kwa hiyo mwanasoka anayegeuka askari ni mtu wa kawaida katika mitaa ya Nakuru, wala hakuna anayemshangaa.

Hata hivyo, ukawaida huo una historia ndefu nyuma yake. Ulikuwapo wakati ambapo mtu mweusi katika himaya ya Uingereza angeweza kuucheza mpira akashangiliwa, na kuibeba bunduki akafa, lakini asiruhusiwe kutoa amri. Mtu ambaye maisha yake yanalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi hakuzaliwa Afrika Mashariki wala hakufika huku. Alizaliwa Uingereza kwenyewe. Jina lake ni Walter Tull. Makala haya yanaanza kwa kuyasimulia maisha yake, kisha yanarejea Bonde la Ufa kuyapima kwa mizani ya historia ya huku.

2.0 Yatima, Mchapaji, Mwanasoka

Walter Daniel John Tull alizaliwa tarehe 28 Aprili 1888 katika mji wa Folkestone, jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Daniel Tull, alikuwa seremala aliyehamia huko kutoka kisiwa cha Barbados. Kizazi kilichomtangulia Daniel kilikuwa kimeonja utumwa katika kisiwa hicho. Mama yake, Alice Palmer, alikuwa mwenyeji wa Kent.

Msiba uliiandama nyumba hiyo mapema. Mama alifariki mwaka wa 1895 kabla Walter hajatimiza miaka minane. Baba akamwoa binamu ya marehemu ili watoto wapate mlezi, lakini mwaka wa 1897 naye akafariki. Mama wa kambo akaachwa na watoto wengi asioweza kuwalisha. Mwaka wa 1898 Walter na kaka yake Edward walipelekwa katika makao ya mayatima ya Wamethodisti huko Bethnal Green, mashariki mwa London. Baada ya miaka miwili ndugu hao walitenganishwa: Edward alichukuliwa na familia moja ya Glasgow, Uskochi, akasoma na kuwa daktari wa meno. Walter alibaki London, akajifunza kazi ya uchapaji, na jioni akacheza mpira katika timu ya makao.

Mwaka wa 1908 alijiunga na Clapton, klabu ya wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Katika msimu mmoja tu klabu hiyo ilishinda Kombe la Ridhaa la Uingereza la mwaka wa 1909 pamoja na vikombe vya jiji la London. Habari zake zikawafikia wakuu wa Tottenham Hotspur, klabu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda katika daraja la kwanza. Wakamsajili mwaka huo huo na kumchukua katika ziara ya Argentina na Uruguay. Tull aliacha uchapaji akawa mwanasoka wa kulipwa. Alipata pauni 4 kwa wiki, ambacho kilikuwa kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa kumlipa mchezaji yeyote nchini humo.

Septemba 1909 alianza kuichezea Tottenham katika daraja la kwanza. Magazeti yaliusifu utulivu wake na ustadi wake wa kugawa pasi. Oktoba ya mwaka huo timu ilisafiri kwenda kucheza na Bristol City. Huko sehemu ya mashabiki ilimwandama kwa matusi ya rangi, mfululizo na kwa sauti kubwa, kiasi cha mwandishi mmoja wa gazeti la michezo kuwakemea hadharani na kuandika kwamba Tull ndiye aliyekuwa mchezaji bora uwanjani. Kilichofuata kinahitaji kutazamwa kwa makini. Waliotukana hawakuadhibiwa. Muda mfupi baadaye aliyetukanwa ndiye aliyeondolewa katika kikosi cha kwanza na kupelekwa katika timu ya akiba. Katika muda wake wote wa kuwa Tottenham alicheza mechi 10 tu za ligi, akafunga mabao 2.

Mwaka wa 1911 alihamia Northampton Town, klabu ya Ligi ya Kusini iliyokuwa chini ya meneja Herbert Chapman, ambaye baadaye alijenga jina kubwa akiwa Huddersfield na Arsenal. Chapman alimrudisha kikosini na kumpa nafasi ya kiungo. Hapo Tull akatulia na kuchanua, akaichezea timu ya kwanza zaidi ya mara 100. Huenda angeendelea hivyo hadi uzeeni, lau si vita vilivyozuka Agosti 1914.

3.0 Kutoka Dimbani hadi Handakini

Vita vilipoanza, wanasoka wa Uingereza walilaumiwa vikali kwa kuendelea kucheza huku wenzao wakienda kufa. Desemba 1914 kikaundwa kikosi maalumu cha wanasoka na mashabiki wao, Kikosi cha 17 cha Rejimenti ya Middlesex. Tull aliandikishwa mwezi huo huo, akiwa miongoni mwa wachezaji wa mwanzo kuitikia mwito. Mafunzo yalimpandisha cheo upesi hadi akawa sajini. Novemba 1915 kikosi kilivuka bahari kuelekea Ufaransa.

Vita vya mahandaki vilikuwa vya aina ambayo binadamu hakuwa ameizoea. Mizinga ilinguruma usiku na mchana kwa majuma, na askari walikufa bila hata kumwona aliyewaua. Mwaka wa 1916 Tull alishikwa na maradhi ya akili yaliyosababishwa na mshtuko wa mizinga, akarudishwa nyumbani kutibiwa. Wasimulizi wengi huipita habari hii haraka kana kwamba ni aibu. Kwa kweli ni mojawapo ya sehemu muhimu za maisha yake, kwa sababu alipopona alirudi kule kule, akijua vyema kinachomngoja, akashiriki miezi ya mwisho ya mapigano ya mto Somme.

Wakuu wake walimpendekeza apelekwe katika mafunzo ya uafisa. Alisomea huko Gailes, Uskochi, na tarehe 30 Mei 1917 akatunukiwa cheo cha luteni-usu, ngazi ya kwanza ya uafisa. Akapelekwa katika Kikosi cha 23 cha Middlesex, ambacho nacho kilikuwa cha wanasoka. Alipigana Ubelgiji, kisha mwishoni mwa 1917 kikosi kikahamishiwa Italia. Januari 1918 aliongoza askari 26 kuuvuka mto Piave usiku na kuingia katika eneo la adui. Wote 26 walirudi salama. Kamanda wa divisheni, Meja Jenerali Sydney Lawford, aliandika kumsifu kwa ushujaa na utulivu wake.

Kikosi kilirejeshwa Ufaransa wakati majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yanajiandaa kwa mashambulizi makubwa ya majira ya kuchipua. Tarehe 25 Machi 1918, karibu na kijiji cha Favreuil, Luteni Tull alipigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Askari wake, miongoni mwao mlindalango wa zamani wa Leicester, walijaribu kuuondoa mwili wake chini ya mvua ya risasi wakashindwa. Mwili haukupatikana tena. Jina lake limechongwa katika mnara wa kumbukumbu wa Arras.

4.0 Suala la Amri

Mtu akiishia hapo atakuwa amesoma kisa cha yatima aliyepambana na dhiki hadi akawa shujaa. Kisa hicho ni cha kweli, na ndivyo kinavyosimuliwa mara nyingi. Ila kinaacha nje jambo zito.

Kanuni za kijeshi za Uingereza za wakati huo zilidai kwamba anayetaka uafisa awe wa asili halisi ya Kizungu. Mtu mweusi angeweza kuandikishwa. Angeweza kubeba bunduki, kuchimba handaki, hata kupewa ukoplo au usajini. Mpaka uliwekwa mahali mahususi sana: pale ambapo sauti yake ingegeuka kuwa amri halali kwa askari mweupe. Jeshi liliikubali damu ya mtu mweusi na kuikataa sauti yake.

Kwa mtazamo huu, vipindi vya maisha ya Tull vinaungana kwa namna mpya. Huko Bristol alikuwa mchezaji bora uwanjani, na bado akaondolewa kikosini. Ubora wake haukuwa na shaka. Lililowakera waliomtukana ni kuona mtu mweusi akiushika mchezo na kuuendesha, wengine wakimfuata. Jeshini nako hali ilikuwa vivyo hivyo, ila huko marufuku iliandikwa. Tofauti ni kwamba mwaka wa 1917 maafisa walikuwa wanakufa kwa wingi, vikosi vilihitaji viongozi, na wakuu waliomfahamu Tull kwa karibu waliamua kutoitazama kanuni. Kanuni yenyewe haikufutwa. Ilirukwa tu.

Hapa pana tahadhari kwa mtafiti. Tull huitwa afisa wa kwanza mweusi wa jeshi la Uingereza. Dai hilo haliwezi kusimama, kwa maana George Bemand, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa na asili mchanganyiko, alikwisha kupata uluteni mwaka wa 1915 na kuuawa mwaka wa 1916. Vilevile Tull hakuwa mwanasoka mweusi wa kwanza wa kulipwa. Arthur Wharton, mlindalango aliyezaliwa Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo, alimtangulia kwa takriban miaka 20. Maisha ya Tull hayapungukiwi na chochote kwa kukosa sifa ya uwanzo. Uzito wake uko katika amri aliyoitoa ng'ambo ya Piave na watu 26 walioitii wakarudi hai.

5.0 Upande wa Pili wa Himaya Ile Ile

Wakati Tull alipokuwa anasomea uafisa huko Uskochi, himaya ile ile ilikuwa inapigana vita vile vile Afrika Mashariki. Mwaka wa 1917 ulikuwa mwaka wa kukamatwa kwa wapagazi kwa wingi. Wanaume walichukuliwa kutoka karibu kila pembe ya Kenya kwenda kubeba risasi na vyakula vya jeshi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao imehifadhiwa na Kiswahili kwa namna isiyotarajiwa. Jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi lilitoholewa likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Wanaonunua ndizi na vikapu katika masoko hayo wanalitaja jeshi la wapagazi kila siku bila kujua.

Askari wa Kiafrika wenye bunduki walikuwa katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902 na kufahamika kwa ufupi kama KAR. Chimbuko la sehemu ya jeshi hilo linaugusa moja kwa moja ukanda huu wa Bonde la Ufa. Kabla ya 1902, ngome ya Eldama Ravine, kaskazini magharibi mwa Nakuru, ilikuwa ndani ya mipaka ya Uganda. Mwaka wa 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia Uingereza waliasi huko. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha chini ya maafisa wasiowajua, kwa malipo duni. Uasi huo ulizimwa kwa nguvu, na KAR lilipoundwa mpangilio ulikuwa wazi: askari weusi, maafisa weupe.

Baada ya vita, tofauti hiyo ilipimwa kwa ardhi. Mwaka wa 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani, katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, Bonde la Ufa likiwamo. Mwafrika aliyetoka vita vile vile hakuwa na fungu katika mpango huo. Alichopata karibu na wakati huo ni kipande, cheti cha kufungwa shingoni kilichomfuatilia kutoka shamba la mwajiri mmoja hadi la mwingine. Kwa hiyo mtu aliyekuwa afisa alikuja kuwa mwenye shamba, na aliyekuwa mpagazi akawa kibarua wa shamba hilo. Mpangilio wa amri wa vitani ulihamishiwa mashambani.

Katika hali hiyo kandanda ilikua ikiwa mchezo wa ridhaa. Mashindano ya Kombe la Gossage, yaliyopewa jina la kampuni ya sabuni, yalianza mwaka wa 1926 kati ya Kenya na Uganda. Wachezaji walikuwa wafanyakazi wa reli, makarani, polisi na askari. Mjini Nakuru, uliozaliwa na reli iliyofika mwaka wa 1900, hakuna aliyeweza kuishi kwa kucheza mpira kama alivyoishi Tull mwaka wa 1909. Askari mwenye kipaji alicheza kwa ajili ya kambi yake, akapigiwa makofi na maafisa wake, kisha akarudi kupiga saluti.

6.0 Lanet

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliwachukua askari wa KAR hadi Ethiopia na Burma. Walirudi wakiwa wameona mengi, lakini mlango wa uafisa ulibaki umefungwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Katika miaka ya 1950 kilirejeshwa cheo cha effendi, kilichowekwa kati ya usajini na uafisa kamili. Kilikuwa ngazi ya kumwinua Mwafrika kidogo bila kumfikisha juu. Uafisa kamili ulianza kutolewa kwa askari wa Afrika Mashariki wakati uhuru ulikuwa umekaribia kabisa. Tangu Mei 1917 ya Walter Tull ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Vikosi vya KAR vikabadilishwa jina vikawa Kenya Rifles, lakini maafisa wa ngazi za juu waliendelea kuwa Waingereza. Tarehe 24 Januari 1964, siku chache baada ya maasi kama hayo kutokea Tanganyika na Uganda, askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet. Malalamiko yao yalikuwa mishahara midogo na kuendelea kwa maafisa wa Kiingereza. Serikali ya Jomo Kenyatta iliomba msaada wa majeshi ya Uingereza yaliyokuwa bado nchini, uasi ukazimwa, askari mmoja akapoteza maisha, na kikosi hicho kikavunjwa.

Ukiweka Eldama Ravine ya 1897 na Lanet ya 1964 ubavu kwa ubavu, unaona madai yanayofanana katika eneo moja, yakiwa yametenganishwa na miaka 67: malipo na amri. Uasi wa kijeshi ni kosa kubwa katika nchi yoyote, na waasi wa Lanet waliadhibiwa. Hata hivyo, swali walilouliza halikuweza kuahirishwa tena. Mwaka wa 1966 Brigedia Joseph Ndolo alikuwa Mkenya wa kwanza kuwa kamanda wa jeshi la nchi kavu. Na Lanet, mahali pale pale palipozuka uasi kwa sababu ya maafisa wa kigeni, ndipo palipokuja kuwa chuo cha kuwafunza maafisa wa Kenya. Maelfu ya vijana wametembea gwaride la kufuzu katika uwanja huo. Tull aliingia kupitia ufa wa kanuni. Hawa walipita kwenye lango.

Haifai, lakini, kuigeuza amri kuwa wema wenyewe. Gilgil, iliyo katika ukanda huu huu, inakumbusha hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alihudumu huko askari kijana kutoka Uganda, mrefu, mwenye nguvu, aliyekuja kuwa bingwa wa ndondi wa nchi yake. Maafisa wa KAR walimpenda kwa uhodari wake michezoni. Mwaka wa 1959 wakampa cheo cha effendi, na mwaka wa 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kutunukiwa uluteni. Jina lake lilikuwa Idi Amin. Mwaka wa 1971 aliipindua serikali, na utawala wake uliodumu hadi 1979 uliwaua raia wengi. Mwanamichezo mweusi kupewa cheo cha uafisa kulikuwa haki iliyocheleweshwa. Kuitumia amri kwa manufaa ya wanaoamriwa ni jambo jingine, nalo halitolewi pamoja na nyota za mabegani. Kwa hiyo habari ya wale askari 26 waliorudi salama ndiyo kipimo cha uongozi wa Tull, kuliko cheo chenyewe.

7.0 Historia Ndani ya Msamiati

Mwanafunzi wa Kiswahili ana njia ya ziada ya kuisoma historia hii, kwa sababu imetua katika maneno. Neno askari lina asili ya Kiarabu. Afande, neno ambalo leo kila Mkenya hulitumia kumwita polisi au mwanajeshi, lilitoka katika Kituruki likapita katika Kiarabu hadi kwa askari wa Kisudani, na kutoka kwao likaenea katika KAR. Ndilo neno lile lile lililorasimishwa kama effendi. Kuruta, koplo, sajini, luteni na meja yalitoholewa kutoka Kiingereza. KAR lilikuwa pia na namna yake ya kuzungumza Kiswahili, iliyojulikana kama Kikeya: sarufi iliyorahisishwa, upatanisho wa ngeli uliopuuzwa, na vitenzi vingi katika hali ya amri. Kilikuwa Kiswahili cha maafisa waliohitaji kuamuru kuliko kuzungumza. Uhusiano wa watu uliacha alama katika sarufi yenyewe.

Kandanda nayo iliazima kutoka jeshini. Watangazaji wa redio wamewazoesha Wakenya kusikia kwamba kikosi kimejipanga, mashambulizi yameanza, ngome imevunjwa na kombora limetua wavuni. Jambo la kuvutia ni pale maneno yanapoachana. Anayeongoza kampuni ya askari anaitwa kapteni, lakini anayeongoza timu anaitwa nahodha, neno la mabaharia wa pwani. Waingereza hutumia neno moja kwa wote wawili, Kiswahili kikatumia mawili. Kapteni alishushwa kutoka juu kwa waraka wa serikali. Nahodha anajulikana kwa namna anavyokipitisha chombo katika dhoruba, pamoja na wote waliomo. Yamkini Walter Tull, kwa mizani ya Kiswahili, alikuwa nahodha kabla ya kuwa afisa.

8.0 Mafunzo kwa Mwandishi wa Wasifu

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa kuigwa katika utanzu huu. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alimchukua mwanamke aliyezaliwa katika ufukara akayaandika maisha yake kwa heshima iliyokuwa ikitengewa masultani. Mwanafunzi anayetaka kufuata njia hiyo kwa kuandika juu ya wanasoka, askari au wapagazi wa Bonde la Ufa anaweza kuzingatia mambo matatu yanayojitokeza katika maisha ya Tull.

Kwanza, aulize sheria ilisemaje. Ushujaa wa mtu haueleweki mpaka ijulikane alikatazwa nini na nani. Bila kanuni ya asili ya Kizungu, uluteni wa Tull ni habari ya kawaida ya kupandishwa cheo.

Pili, asiuabudu uwanzo. Neno "wa kwanza" huvutia katika kichwa cha habari, lakini huporomoka mara tu jina jingine linapogunduliwa, na msomaji aliyedanganywa mara moja hukitilia shaka hata kilicho kweli.

Tatu, asifiche udhaifu wa mhusika. Tull aliyeugua kwa mshtuko wa mizinga na kurudi vitani ni mtu kamili kuliko Tull wa sanamu. Mashujaa wasioogopa hawamfundishi msomaji chochote, kwa kuwa msomaji anaogopa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maisha ya Walter Tull na historia ya askari wa Bonde la Ufa ni matawi ya mti mmoja. Himaya moja, katika mwaka mmoja wa 1917, ilimpa mwanasoka mweusi uluteni huko Uskochi kwa kuifumbia macho kanuni yake, na kuwatwika Waafrika mizigo ya vita huku kwa kuitekeleza. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haikuwa vipaji wala ushujaa, kwa kuwa vyote vilikuwapo pande zote mbili. Ilikuwa ni nani aliyekuwa karibu na mtu huyo kiasi cha kumtambua, na kama alikuwa tayari kufanya alichokiona kuwa haki.

Tull alifaidika na watu wachache waliomtambua. Askari wa Lanet hawakutaka kungoja kutambuliwa mmoja mmoja. Walitaka utaratibu ubadilike, na baada ya gharama kubwa ulibadilika. Mashabiki walioketi katika uwanja wa Afraha wakimshangilia koplo au sajini anayevaa jezi ya Ulinzi Stars walikuwa wakiyaona matunda ya mabadiliko hayo. Mchezaji yule angeweza kutukanwa na mashabiki wa timu pinzani, kama wanasoka wote. Ila hapakuwa tena na kanuni iliyosema kwamba, kwa sababu ya rangi yake, atii daima na asiamuru kamwe.